Kisigino Juu ya Chokaa

Mpira ulitoka mara ya nne ndani ya dakika kumi na, kama ilivyo kwenye viwanja vya mabondeni hapa Kampala, haukusimama ulipotoka. Uliteremka. Ukapita chini ya benchi la wachezaji wa akiba, ukampita mama muuza vitafunio vya kabalagala, ukatumbukia mtaroni. Mtoto mmoja akaufuata mbio, akarudi ameukumbatia kifuani, jezi yake nyeupe imechorwa duara la tope. Akamkabidhi mwenzake, msichana wa miaka kama 11 aliyekuwa akicheza namba mbili. Msichana akauinua, akaupeleka nyuma ya kichwa, akarusha. Mpira ukazunguka hewani kama pia, ukaangukia hatua tatu mbele yake. Filimbi ikalia. Amerusha vibaya, mpira ukapewa wapinzani.

Hiyo ilikuwa mara yake ya tatu. Mpira ulipotoka tena upande wake hakuusogelea. Alirudi nyuma, akamwachia mwenzake, akabaki amesimama karibu na kocha akichezea pindo la jezi.

Najua mtoto wa aina hiyo anarudi nyumbani na nini, kwa sababu nami niliwahi kurudi nacho. Nikiwa na miaka 14 nilikuwa beki wa kulia wa timu ya shule. Siku moja, mbele ya wazazi, nilirusha mpira ukazunguka, mwamuzi akapuliza filimbi, na upande mzima wa uwanja ukaangua kicheko. Kuanzia siku hiyo hadi namaliza shule sikurusha tena. Mpira ukitoka upande wangu nilimwita winga aje arushe, nami nikijifanya napanga ulinzi. Ilinichukua miaka mingi kuketi na Sheria ya 15 na kuisoma neno kwa neno, nikitafuta mahali palipoandikwa kwamba mpira wa kurushwa usizunguke. Hapapo.

Sheria za soka ziko 17, na hii ya kurusha ni miongoni mwa zile fupi. Inataka mrushaji asimame akiukabili uwanja. Sehemu ya kila mguu iwe juu ya mstari wa pembeni, au iwe ardhini nje ya mstari huo. Arushe kwa mikono miwili, mpira ukitokea nyuma ya kichwa na kupita juu yake. Na arushie mahali mpira ulipotokea. Wapinzani wakae mita 2 kutoka pale anaporushia. Hapo umemaliza karibu yote yanayohusu namna ya kurusha. Haikuandikwa mpira uende umbali gani, wala upae kiasi gani, wala miguu ibanane au iachane, wala mtoto apendeze machoni mwa watu wazima waliosimama kivulini.

Mengine yote tunayoyasikia pembeni yameongezwa na sisi. "Umezunguka!" "Ameuangusha karibu!" "Ddiifiri, ekigere!" Ddiifiri ndilo jina la Waganda kwa mwamuzi, na ekigere ni mguu, na siku ya mechi ya watoto maneno hayo mawili husikika kuliko jina la mchezaji yeyote.

Tuanze na miguu, kwa kuwa hapo ndipo filimbi nyingi huanzia. Msichana wa Kampala anayecheza soka Jumamosi mara nyingi ni yuleyule aliyecheza netiboli shuleni katikati ya wiki. Katika netiboli, anayerudisha mpira uwanjani kutoka nje haruhusiwi kukanyaga mstari. Mwalimu wake amemkemea juu ya jambo hilo mpaka limemwingia mwilini: mstari ni moto. Anapokuja kwenye soka, mstari uleule ni mahali halali kabisa pa kusimama, naye hajui. Nimewaona watoto wakirudi hatua nzima nyuma ya chokaa, mahali penye mteremko na changarawe, wakarusha wakiwa wanateleza, kumbe wangeweza kusimama juu ya mstari wenyewe, mahali pakavu na pa sawa.

Tena kuna jambo ambalo hata watu wazima hubishana nalo. Sheria haitaki mguu mzima uwe nje. Inataka sehemu ya mguu. Vidole vinaweza kuwa vimeingia uwanjani, mradi kisigino kimegusa chokaa. Kwa mtazamaji aliye upande wa pili, mtoto huyo ameingia ndani. Kwa sheria yuko sawa. Upana wa mstari hauruhusiwi kuzidi sentimita 12, lakini kwenye viwanja vyetu vya udongo mwekundu mstari hauna tabia moja. Kuna unaochorwa kwa chokaa, kuna unaochimbwa kwa jembe, na kuna usiokuwapo, pakawa na vikoni vinne na makubaliano. Penye vikoni tu, mwamuzi mzuri huwaita manahodha kabla ya mechi akawaonyesha kwa mkono mstari unapita wapi. Asiyefanya hivyo hana haki, kwa maoni yangu, ya kumwadhibu mtoto kwa kukanyaga kitu ambacho hakipo.

Kisha kuna suala la wakati. Miguu inatakiwa kuwa ardhini pale mpira unapoachiwa. Baada ya hapo mtoto anaweza kuinua mguu, kurukia uwanjani, hata kuanguka kifudifudi, na bado amerusha sawa. Hili ndilo kosa kubwa la waamuzi wa watoto, nami nalisema nikijua nao wana macho mawili tu. Nguvu ya kurusha haitoki mikononi peke yake. Inapanda kutoka miguuni, inapita mgongoni. Mtoto mwembamba anayetaka mpira ufike mbali hujitupa mwili mzima, na mguu wa nyuma hufuata juu mara mpira ukishaondoka. Jicho linaona mguu uko hewani, akili inauunganisha na mpira, mkono unapeleka filimbi mdomoni. Kati ya mpira kuondoka na mguu kuinuka pana muda mfupi kuliko kupepesa jicho, lakini upo, na hukumu yote imo humo.

Mkufunzi aliyetufundisha uamuzi wa ngazi ya chini, zamani kidogo, alikuwa na njia yake ya kutuzuia. Alitusimamisha pembeni tukatazama watu wakirusha, na kila tuliponyoosha kidole tukisema mguu umeinuka, alituuliza: "Mpira ulikuwa wapi?" Wengi wetu hatukuweza kujibu. Akasema asiyeweza kujibu swali hilo aache mchezo uendelee.

Mikono ni ngumu zaidi. Watoto wengi wana mkono mmoja wenye nguvu, na huo ndio unaosukuma. Mwingine unafuata kama mgeni. Mpira unaoachiwa hivyo huzunguka. Hapo ndipo imani ya kwamba mpira unaozunguka ni kosa ilipozaliwa: watu wameiona dalili wakaifanya kuwa ugonjwa. Sheria inadai mikono miwili. Haidai mikono hiyo iwe na nguvu sawa, jambo ambalo hata mtu mzima haliwezi. Mwamuzi akiuona mpira umezunguka, alichopata ni sababu ya kuitazama vizuri mikono ya mtoto huyo safari ijayo. Je, yote miwili ilibaki kwenye mpira mpaka ukaondoka? Au mmoja uliachia mapema, mwingine ukarusha peke yake kama mtu anayempiga jiwe mwizi wa maembe? La pili ni kosa. La kwanza ni mtoto anayekua.

Sitaki nionekane nawatetea watoto hata pasipostahili. Kuna kosa moja ambalo hulifanya kila wakati, na filimbi yake ni ya haki: kurushia kwenye paji la uso. Mpira haukufika nyuma ya kichwa hata kidogo. Uliinuliwa hadi usawa wa macho ukasukumwa mbele, kama mtu anayempa mwenzake sahani. Ukimuuliza mtoto atakwambia mpira ni mzito, na anasema kweli. Mpira wa watu wazima, namba 5, una mzingo wa sentimita 68 hadi 70 na uzito wa gramu 410 hadi 450 ukiwa mkavu. Ukitoka mtaroni msimu wa mvua, mshono ukanyonya maji, uzito huo huongezeka, na mtoto wa miaka 10 mwenye viganja vidogo anaupeleka nyuma ya kichwa akihofia utamponyoka. Shirikisho la nchi linaruhusiwa kuwapa watoto mpira mdogo na uwanja mdogo. Timu nyingi za mitaani, hata hivyo, zina mpira mmoja, na ndio huo. Wapo tuliojifunzia kwa mpira wa byayi, yale maganda makavu ya migomba yaliyoviringishwa yakafungwa kamba, na kwa wepesi wake hatukujua shida hii mpaka tulipokutana na mpira wa dukani.

Basi kosa la paji la uso lipulizwe, kwa sababu sheria imesema waziwazi. Ninachoomba ni sekunde tano za ziada. Mwamuzi anyooshe mikono yake mitupu nyuma ya kichwa, amwonyeshe mtoto, kisha awape wapinzani mpira. Hilo halikatazwi popote. Filimbi isiyo na maelezo inamwambia mtoto wa miaka 10 kitu kimoja tu, kwamba yeye hafai.

Kuna jambo jingine ambalo nimeliona likihukumiwa kinyume mara nyingi mno. Mtoto anarusha, mikono imechoka, mpira unaanguka chini nje ya uwanja kabla haujaingia. Waamuzi wengi huwapa wapinzani. Sheria inasema timu ileile irudie, kutoka mahali palepale, ikiwa kila kitu kingine kilikuwa sawa. Nadhani hakuna kifungu kinachowafaa watoto wadogo kuliko hicho, na hakuna kinachosahaulika upesi kama hicho.

Ukiwa na waamuzi watatu kazi hugawanyika. Tulifundishwa kwamba mpira ukirushwa upande wa mshika kibendera, yeye huangalia miguu kwa sababu yuko kwenye mstari, na mwamuzi wa kati huangalia mikono. Kwenye mechi za watoto za Jumamosi, Bwaise au Katwe au Kamwokya, ni jambo la kushukuru akipatikana hata huyo mmoja wa kati, naye mara nyingi ni kijana wa miaka 20 na kidogo aliyechezesha mechi mbili kabla ya hiyo bila kunywa maji. Hawezi kuangalia miguu, mikono, mahali mpira ulipotokea, wapinzani wanaomsogelea mrushaji, na wavulana wawili wanaovutana jezi kule mbele, vyote kwa mara moja. Lazima achague. Mimi ningechagua kule wanakovutana jezi. Mtu huumia huko.

Mahali mpira ulipotokea ni kisa cha peke yake Kampala, mji wa vilima. Mpira ukiteremka mita 30, anayeuleta hurudi nao kwa njia iliyo karibu na lango la wapinzani. Miguu yenyewe inajua. Hapo mtoto haibi kwa nia mbaya, bali kwa kuwaona wakubwa kwenye televisheni wakisogea hatua kumi mbele bila kuulizwa. Kisheria, kurusha kutoka mahali pasipo sahihi ni kurusha vibaya, na wapinzani hupewa. Kivitendo, mwamuzi mwenye busara huzuia kabla. Anakimbilia pale mpira ulipotokea, anasimama sambamba napo, ananyoosha mkono: hapa. Mtoto anakuja mwenyewe. Ukiona mechi ya watoto ambayo hakuna aliyerushia mahali pasipofaa, ujue kuna mwamuzi anayekimbia.

Nimewauliza waamuzi kadhaa kwa nini wanakuwa wakali hivi kwa watoto. Jibu lao lina uzito, silipuuzi. Wanasema: mtoto huyu akipita hapa ataenda kwenye ligi ya vijana ya FUFA, shirikisho la soka la Uganda, na huko atakutana na mwamuzi asiye na simile. Uganda imepeleka vijana wake wa chini ya miaka 17 kwenye Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza, kule Qatar mwaka 2025. Mtoto wa bondeni leo anaweza kuwa wa safari ijayo. Afadhali akosolewe nyumbani kuliko ugenini.

Nakubali akosolewe nyumbani. Lakini akosolewe kwa sheria ipi? Ukimfundisha kwamba mpira usizunguke, ataacha kutumia nguvu ya mkono wake mzuri. Ukimfundisha kwamba mpira usianguke karibu, ataurusha mbali kila mara, kichwani mwa beki wa wapinzani, hata kama mwenzake yuko hatua mbili kando yake bila mtu. Tena tazama mechi za ligi kuu popote duniani: filimbi ya kurusha vibaya husikika kwa nadra sana. Wakubwa wanaachiwa mengi, wadogo wanabanwa kwa yasiyoandikwa. Hilo ndilo linaloniuma.

Na kurusha ni silaha. Mwaka 2018 klabu ya Liverpool ilimwajiri Mdenmaki Thomas Grønnemark kwa kazi hiyo tu, kuwafundisha wachezaji wake kurusha mpira. Mrushaji ana mapendeleo ambayo anayepiga faulo hana: tangu mwaka 1920 hakuna kuotea kwa mpira uliopokewa moja kwa moja kutoka kwa mrushaji. Mtoto anayejua hilo anaweza kumwangalia mshambuliaji wake aliyesimama nyuma ya mabeki wote na kumpa mpira, nao watu wa pembeni wakapiga kelele za kuotea wakiwa wamekosea. Hawezi kufunga goli moja kwa moja kwa kurusha. Ukiingia golini kwa wapinzani bila kuguswa ni mpira wa goli, ukiingia kwake mwenyewe ni kona. Akimrudishia kipa wake, kipa asiudake kwa mikono. Akifanya hivyo ni adhabu ndogo, na watoto hujifunza hilo siku inapowagharimu goli.

Mikono miwili yenyewe ina historia. Kanuni za Waingereza za mwaka 1863 zilimpa haki ya kurusha yule aliyeufikia mpira kwanza, kwa hiyo wachezaji walikuwa wakiukimbilia nje kama watoto wetu wanavyoukimbilia mtaroni. Mikono miwili ilikubaliwa mwaka 1882, kwa sababu wenye mkono mmoja wa nguvu walikuwa wakirusha mbali kupita kiasi. Shabaha ilikuwa kupunguza umbali. Nikikumbuka hilo, naona uchungu wa mtoto kuadhibiwa kwa kurusha karibu.

Wakubwa wa soka waliwahi hata kufikiria kuondoa kurusha kwa mikono. Kwenye mashindano ya dunia ya vijana chini ya miaka 17 kule Japani mwaka 1993, mpira uliotoka pembeni ulirudishwa kwa kupigwa kwa mguu. Fainali ilikuwa ya Afrika tupu: Nigeria, iliyokuwa na Nwankwo Kanu, iliifunga Ghana 2-1. Jaribio hilo halikuendelea na mikono ikarudi. Siku hizi Uholanzi, kwa watoto wadogo, mpira huanza upya pembeni kwa kukokotwa au kupigwa pasi, na watetezi wa njia hiyo husema mtoto anagusa mpira kwa mguu mara nyingi zaidi. Sina ugomvi nao. Ila hapa kwetu ningependa kurusha kubaki, kwa sababu ndiyo nafasi pekee katika mechi ambapo mtoto aliye mwoga kuliko wote anasimama na mpira mkononi, hakuna wa kumpora, wote wanamngoja yeye achague. Kipawa cha kuona uwanja kinaweza kuchipua hapo. Au kikafia hapo, kwa filimbi tatu.

Wavulana hawana woga huo. Tangu beki wa Irani, Milad Mohammadi, apige sarakasi na mpira mkononi dhidi ya Hispania kwenye Kombe la Dunia la 2018, kisha akaghairi na kurusha kawaida, kila kiwanja kina mmoja anayejaribu kupinduka. Sheria haikatazi. Akitua miguu yote miwili nje au kwenye mstari, akarusha kwa mikono miwili kutoka nyuma ya kichwa, amerusha. Nimemwona mmoja akitua kwa makalio kwenye tope. Hilo ni kosa, maana imeandikwa asimame.

Turudi bondeni. Mapumziko yalipofika nilimfuata yule mwamuzi kijana, aliyekuwa amechuchumaa akifunga kamba za viatu. Sikwenda kumlaumu, amekuja kuchezesha watoto wa watu Jumamosi asubuhi, na hilo peke yake linamstahilisha heshima. Nilimuuliza tu namba mbili alikosea nini mara tatu zile. Akafikiri. "Ya kwanza mpira ulizunguka, mzee. Ya pili pia. Ya tatu…" Akanyamaza, akatazama mstari. Kisha akatoa simu mfukoni, akaifungua Sheria ya 15, akasoma akiwa bado amechuchumaa, midomo ikichezacheza. Akarudia kusoma. Akasema, "Haimo."

Kabla ya kipindi cha pili alimwita yule msichana. Walisimama pembeni, yeye akaweka kiatu chake kwenye chokaa, kisigino juu ya mstari, vidole ndani ya uwanja, akamwonyesha. Msichana alitazama kile kiatu, akatazama vidole.

"Anko, hapa ndani si umekanyaga?"

"Kisigino kiko wapi?"

"Kwenye mstari."

"Basi."

Msichana akauliza na la pili, kwa sauti ndogo niliyoisikia kwa shida: "Na ukizunguka?"

"Acha uzunguke," akasema kijana yule. "Shika kwa mikono yote miwili tu."

Kipindi cha pili mpira ulitoka upande wake kabla dakika mbili hazijaisha. Uliteremka hadi mtaroni, ukafuatwa, ukaletwa umelowa. Mwenzake aliyeuleta alitaka kurusha yeye. Msichana alinyoosha mikono, akaupokea, akaufuta kwenye bukta mbele na nyuma, akaweka visigino vyake kwenye chokaa kimoja baada ya kingine.